Shangazi, niliwapikia papa, wakala wali mtupu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa Mombasa, mzaliwa wa Kisauni, na sasa niko Leipzig, Ujerumani, nasomea uuguzi. Mafunzo ya huku ni nusu darasani nusu wodini, na unalipwa kidogo huku ukisoma. Wenzangu ni watu wazuri, sitaki uwafikirie vibaya. Ndio walionionyesha tramu, ndio walionisindikiza ofisi ya wageni, na wakati wa Krismasi mmoja wao alinichukua nikakae kwao. Mama yake, kwa kujua mimi ni Mwislamu, alinipikia samaki peke yangu, wao wakala bata.

Basi nikasema nami niwakaribishe. Nilikuwa na papa mkavu ambaye mama alimpa mtu aliyekuwa anakuja huku. Nikaalika watu wanne, Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Nikapika wali wa nazi, papa wa nazi kwa ndimu na pilipili, samaki wa kupaka na mchicha. Nilikuwa jikoni tangu asubuhi.

Mambo yaliharibika hata kabla wageni hawajafika. Nilipomchemsha papa, jirani wa ghorofa ya juu alishuka akagonga mlango, akaniuliza kwa upole kama bomba la choo limepasuka. Wallahi Shangazi, nilitamani sakafu inimeze. Kisha saa kumi na mbili kamili kengele ikalia, wote wanne mlangoni, mimi bado nimejifunga leso kiunoni na samaki hajapakwa. Katikati ya wiki walikuwa wameniuliza walete nini, nikawaambia wasilete kitu, mgeni haji na chakula chake. Wakaja na saladi ya viazi na chupa ya mvinyo. Chupa niliipokea kwa mikono miwili nikaiweka kule roshani, na mwenyewe akawa anaichungulia kupitia kioo jioni nzima.

Lakini kilichonivunja moyo ni cha mezani. Mmoja wao hali nyama. Nilikuwa najua, ndiyo maana nikapika samaki. Kumbe na samaki hali! Mwingine alipoona samaki wa kupaka ana kichwa na macho yake, akaizungusha sahani polepole ili kichwa kimwelekee mtu mwingine. Papa walimwonja wawili, kipande cha ukubwa wa ukucha, wakashushia na maji. Nami nimesimama hapo nawahimiza, "Ongezeni jamani, hamjala," na kila nikihimiza ndivyo wanavyozidi kunyamaza. Mwisho wakala wali na ile saladi yao ya viazi. Wali kwa viazi, Shangazi! Wakashukuru sana, wakaniosha vyombo vyote, wakaenda zao.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi anayeishi huku aliposikia alicheka, akasema nimejitakia. "Hawa wapikie pasta. Papa wako mle mwenyewe, tena funga madirisha." Na mama kila akipiga simu anauliza papa walimpendaje. Nimemwambia walimmaliza.

Sasa kuna jingine. Huku siku yako ya kuzaliwa wewe ndiye unayewaletea wenzako wa kazini kitu cha kula, si wao wakuletee. Yangu inakaribia, na wodini wameshaanza kuuliza nitaleta nini. Wanasema wangependa "kitu cha Afrika". Mimi hamu imeniisha kabisa. Ninunue keki dukani yaishe? Na wale wanne niwaalike tena, au niache? Sipendi kuwa mtu wa kula peke yangu jikoni kila jioni, lakini aibu nayo sikuizoea.

Ni mimi,
Binti wa Kisauni, Leipzig

*

Marahaba mwanangu,

La jirani limenichekesha mpaka nikaiweka barua chini nikapumua. Tulimalize hilo kwanza. Papa si chakula cha kumtambulishia mtu Mombasa. Hata hapa nyumbani, mchukue mtu aliyekulia Nyeri umpitishe sokoni upande wa papa na ng'onda, uone atakavyoshika pua. Wewe unampenda kwa sababu ulimla kabla hujaota meno yote. Kwa hiyo rafiki yako wa Nairobi nusu ya maneno yake ni kweli: papa mweke, umpike siku ambayo madirisha yote yako wazi. Ile nusu ya pasta aiweke mwenyewe.

Wala usidhani wenzako wana matumbo mepesi. Huko huko Leipzig watu wanakula nyama ya nguruwe mbichi, iliyosagwa, imepakwa juu ya mkate na kitunguu kibichi juu yake. Wanaiita Hackepeter, na huliwa asubuhi na mapema. Ungewekewa hiyo mbele yako ungeizungusha sahani haraka kuliko alivyofanya yule mwenzako, hata tukiliweka kando suala la uharamu. Kila mtu ana papa wake.

Halafu kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukuliona. Unalia kwamba walikula wali mtupu. Mwanangu, ule wali si uliupika kwa tui? Wali wa nazi kwa Mjerumani ni kitu kigeni, naye kwao wali ni wa maji na chumvi, tena pembeni ya sahani. Wameula, na kwa jinsi unavyoeleza wameula wa kutosha. Cha Mombasa kimeshaliwa hapo. Kilichowashinda ni kwamba kila kitu kingine mezani kilikuwa kigeni kwa mpigo mmoja: harufu ngeni, samaki anawatazama, mchicha ndani ya nazi, na mwenye nyumba kasimama juu ya vichwa vyao anahesabu matonge. Wakakimbilia viazi. Hata mimi ningekimbilia viazi.

Kwa hiyo waalike tena, lakini badilisha saa.

Nimeishi Ujerumani miaka yangu ya ujana, na nakwambia lango la watu wale haliko kwenye chakula cha jioni. Jioni wengi wao hula mkate, jibini na vipande vya nyama baridi, basi. Lango liko alasiri ya Jumapili, saa tisa au saa kumi, wanapokaa kwa kahawa na keki. Na wewe uko Saxony, jimbo ambako watu wanajulikana Ujerumani nzima kwa kupenda kahawa. Hapo mjini kwako kuna nyumba inaitwa Zum Arabischen Coffe Baum, miongoni mwa nyumba kongwe za kahawa Ulaya. Kahawa ilianza kuuzwa pale mwanzoni mwa karne ya 18. Nenda ukautazame mlango wake. Juu yake wamechonga bwana mmoja wa Kituruki ameegemea chini ya mti wa kahawa, anampa kikombe mtoto mwenye mabawa. Watu waliochonga Mturuki na kahawa mlangoni kwao karne tatu zilizopita, wewe utashindwaje kuwaingizia kahawa tungu yenye tangawizi?

Wapikie vitu vya alasiri yetu: mahamri, mbaazi za nazi, viazi karai vyenye ukwaju, kaimati, kashata. Vitazame vizuri. Hamri ni unga uliokaangwa na kufura, na wao wanayo maandazi yao ya kukaanga, tena hayakosekani wakati wa kanivali. Kaimati wataidhania ni ya bibi zao mpaka waonje iliki. Kiazi ni kiazi. Watakuwa na kitu wanachokijua mkononi, na ladha wasiyoijua ndani yake, na hapo ulimi hauogopi. Isitoshe, mahamri ukiyakanda kwa tui bila yai wala maziwa, na mbaazi zikiwa za nazi, yule asiyekula nyama wala samaki atakula meza nzima bila kuuliza swali hata moja. Sisi kwetu samaki hahesabiwi kuwa nyama. Kwa wale wasiokula nyama kule, chochote kilichowahi kuogelea nacho ni nyama. Uliza mapema na utajibiwa waziwazi. Uliza pia nani hapatani na nini, maana sheria ya Ulaya inataka mikahawa itaje vitu 14 vinavyowadhuru watu, zikiwemo njugu, ufuta, korosho, ngano na hata pweza, kwa hiyo wamezoea kuulizwa na hawatakuona mdadisi. Nazi haimo katika hivyo 14. Alhamdulillahi, la sivyo upishi wetu ungekwisha.

Viazi karai vina hadithi yake ya mezani. Kwa jirani zao wa Prussia, ufalme wa zamani, mwaka 1756 mfalme Friedrich alitoa amri wakulima wapande viazi, kwa sababu wengi walikuwa hawavitaki. Mpaka leo watu huenda Potsdam kuweka viazi juu ya kaburi lake. Chakula ambacho leo Mjerumani hawezi kukaa bila hicho, kilitoka Amerika na kiliingia kwa amri ya serikali! Nasi pilipili, mahindi na muhogo wetu vilitoka huko huko, vikaletwa Afrika na Wareno. Kwa hiyo hao wanaotaka "kitu cha Afrika" waambie unawapa cha Mombasa, na ndani yake yumo Mhindi, Mwarabu, Mreno na bibi yako wa Kisauni. Wasimulie wakiwa wanakula, usiwasimulie kabla. Hotuba kabla ya chakula hupoza chai.

Sasa ya jikoni. Maduka kule hufungwa Jumapili, kila kitu kinunuliwe Jumamosi. Kutwanga na kugonga nako kumalize Jumamosi, maana Jumapili ni siku ya utulivu na jirani yako tayari ana faili lako. Tui la kopo usilitikise: fungua taratibu, teka ule mzito uliogandia juu, huo ndio tui lako la kwanza, la kumalizia mbaazi, lililobaki chini liongeze maji, upikie. Mbaazi nzima zitafute maduka ya Wahindi au ya Waafrika, na usinunue zilizopasuliwa, hizo ni za dali. Ukija kupika pilau siku za mbele, jira kule inaandikwa Kreuzkümmel. Ile iliyoandikwa Kümmel peke yake ni mbegu nyingine wanayotia kwenye mikate na kabichi, na pilau itanuka duka la mikate.

Jikoni kwako wakati wa baridi unga hautaumuka ukiuacha mezani. Ufunike, uuweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu iwe inawaka. Mafuta yawe ya moto sawasawa. Ukitumbukiza hamri, lichotee mafuta kwa kijiko ulimwagie juu bila kusita, ndipo linapofura likawa na tumbo. Mwache mmoja wao afanye kazi hiyo. Namaanisha yule ambaye mama yake alikupikia samaki. Mwite yeye aje saa moja kabla, ajifunge leso, asimame na kijiko. Mtu aliyekaanga hamri kwa mkono wake hawezi kuliacha sahanini, na wale wengine watakula kwa kumwonea wivu. Naye mwombe siku nyingine akufundishe Quarkkeulchen, vile vitumbua vyao vya Saxony vya viazi na jibini laini. Hapo mtakuwa mnapeana, na wewe hutakuwa tena mgeni anayelipa deni la Krismasi.

Kuhusu saa hakuna mjadala. Ukisema saa kumi watafika saa kumi, na ukichelewesha wao ndio watakaoona haya. Kila kitu kiwe tayari saa tisa na nusu isipokuwa hayo mahamri ya mwisho.

Wakiuliza walete nini, wape jibu. Kwetu swali hilo ni kama kumwambia mwenye nyumba hana kitu, najua, lakini kule ni adabu, na ukiwakatalia watabuni wenyewe, ndivyo mvinyo ulivyokufikia. Sema, "Leteni matunda." Na unapowaalika, papo hapo waambie kwako hakuna pombe. Liseme kama unavyotaja anwani, bila kuomba radhi. Watakuja na juisi ya tofaa na maji ya gesi, kinywaji wanachokipenda wote. Ile chupa kama bado iko roshani, mrudishie mwenyewe kwa uso mkunjufu, umwambie ahsante.

Na lile la kuhimiza, liache. Kwetu mgeni hukataa kwanza kwa heshima, ukamng'ang'aniza, akakubali. Sote tunaujua mchezo. Mjerumani akisema ameshiba, ameshiba, na ukimjazia sahani ataimaliza kwa mateso kwa sababu kwao kubakiza ni vibaya. Weka vyakula katikati ya meza, wajipakulie. Pilipili na achari ziwe bakuli la pembeni. Lakini chumvi, iliki na tangawizi usipunguze hata chembe kwa kuwahurumia; chakula kilichopikwa kwa woga hakina ladha ya kwetu wala ya kwao. Kisha kaa. Kaa chini, ule nao, uongee habari za wodini. Kula mbaazi kwa kipande cha hamri, kwa mkono wako wa kulia, na vijiko viwe hapo kwa anayetaka. Usimfundishe mtu kula. Mmoja atakuiga.

Samaki wa kupaka atakuja baadaye, mara ya tatu au ya nne, na aanze akiwa minofu tu bila macho. Ugali usiufikirie kwa sasa.

Mama yako sikutumi umwungamie; papa wake aliliwa kwa nia njema. Ila mwambie asikutumie samli wala nyama kavu, maana nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingia kwenye mizigo ya wasafiri na vitatupwa uwanja wa ndege. Maembe na ndimu mbichi nazo zinadaiwa cheti cha afya ya mimea. Matunda yasiyodaiwa cheti hicho ni matano: nanasi, ndizi, tende, doriani na nazi. Basi mtu akija, aje na tende, na nazi mbili tatu. Iliki na mdalasini mkavu vinapatikana huko huko.

Nimebakisha siku ya kuzaliwa. Keki ya dukani usinunue, wodi nzima inasubiri cha kwako. Kaimati zina shira, na wauguzi wenye vidole vya kunata hawatakushukuru. Kashata za njugu nazo ziache kabisa, humjui nani anadhurika nazo katika watu wote wale. Pika za nazi. Wapelekee mahamri, uyakaange alfajiri kabla ya zamu, uyafunike kwa kitambaa badala ya plastiki ili yasitoe jasho, na uandike kikaratasi kinachosema yana ngano na nazi, hayana yai wala maziwa. Wakikuomba namna ya kupika, usiwaambie "tia kiasi". Wale hupima kwa mizani. Wape hivi: unga mweupe gramu 500, ule ulioandikwa Type 550 ukipatikana; pakiti moja ya hamira kavu ya gramu 7, ambayo kule imefungwa kwa unga wa kiasi hicho hicho; sukari gramu 100; chumvi kidogo; tui vuguvugu mililita 250, na maji kijiko kijiko kama unga bado mkavu. Iliki punje kumi, zimenywe na kutwangwa hapo hapo. Ya unga iliyokaa kwenye kichupa miaka miwili usiitie.

Shangazi